Wagonjwa wa Mapafu Nao Wapewe Siku Yao ya Kliniki

Ndugu Mhariri,

Katika kituo cha afya tunachokitegemea hapa kwetu wilayani Urambo, kando ya dirisha la mapokezi, pamebandikwa karatasi yenye ratiba ya kliniki za wiki nzima. Wajawazito wana siku yao, watoto wa chini ya miaka mitano wana siku yao, wenye kisukari na shinikizo la damu wana siku yao, na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na za kifua kikuu wana chumba chao na daftari lao. Karatasi hiyo nimeisoma mpaka nimeikariri, kwa sababu benchi ninaloketi na mama yangu tukisubiri aitwe linatazamana nayo. Siku ya wagonjwa wa mapafu haimo. Mama huingia pale kifua kimembana, akatibiwa kwa dharura, na akishapata nafuu huruhusiwa kwenda nyumbani bila kupewa tarehe ya kurudi, hadi kifua kitakapombana tena.

Naandika barua hii kuwaomba waganga wakuu wa halmashauri za mkoa wa Tabora, na wenzao wa Kigoma ambako najua hali haitofautiani sana na ya kwetu, wawape wagonjwa hawa siku maalumu ya kliniki, daftari la kuwaandikisha na tarehe ya kurudi.

Mama ana umri wa miaka 67 na hajawahi kuvuta sigara hata siku moja. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila tunapofika mahali papya swali la kwanza huwa ni kama anavuta, na akijibu kwamba havuti, anayeuliza huonekana kuuondoa moyoni ugonjwa ambao hasa ndio anaougua. Jina lake ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao wahudumu wengi wa afya huutaja kwa kifupi chake cha COPD. Njia ndogo za hewa ndani ya mapafu huvimba na kujaa makohozi, vifuko vinavyopokea hewa huharibika, na hewa iliyoingia hushindwa kutoka yote, hivyo mgonjwa huanza kuvuta pumzi nyingine kabla hajaimaliza ya kwanza. Hautofautiani na pumu kwa namna unavyosikika kifuani, lakini pumu ikitibiwa njia za hewa zinaweza kufunguka kabisa, ilhali huku kilichoharibika hakirudi. Unatibika kwa maana ya kwamba mgonjwa anaweza kupunguziwa adha, akazuiliwa asibanwe mara kwa mara na akaishi miaka mingi akifanya shughuli zake, ila hauponi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5, na kwamba miongoni mwa wanaokufa kabla ya kufikisha miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi tajiri chanzo kikubwa ni sigara. Kwetu sigara imo, lakini moshi wa majiko ya kuni na mkaa unachangia sehemu kubwa, na wanaoumia zaidi ni wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na moto.

Mtu wa Urambo ana moshi wa pili. Wilaya yetu ilikuwa moja ya sehemu za ule mpango wa karanga wa wakoloni ulioanza mwaka 1947 na kuanguka vibaya, na baada ya karanga kushindwa ikaja tumbaku, ambayo ndiyo imetulea hadi leo. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia lenye tanuru, na bani likishawashwa halizimwi. Moto huchochewa usiku na mchana kwa takribani wiki nzima, magogo ya miombo yakiingia tanurini kwa kipimo ili joto lisipande ghafla jani likaungua wala lisishuke likaoza. Baba alikuwa akichochea mchana. Usiku alichochea mama, mdogo wetu akiwa mgongoni, na asubuhi akitoka hapo aliingia jikoni, kwenye mafiga matatu, chini ya paa la nyasi lililokuwa jeusi na kung'aa kama limepakwa lami. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, nimesomeshwa kwa tumbaku na ninakula kwa tumbaku, kwa hiyo siandiki kulilaani zao hili. Ninachosema ni kwamba mapafu ya mama yalikuwa sehemu ya gharama za uzalishaji, na gharama hiyo haijawahi kuandikwa katika daftari lolote la mauzo ambalo nimelishika.

Kikohozi chake kilianza akiwa na miaka hamsini na kidogo. Kwanza aliambiwa ni mafua ya muda mrefu, akapewa antibiotiki, yaani dawa za kuua vijidudu. Baadaye alipimwa makohozi, hayakuonyesha kifua kikuu, lakini picha ya kifua ilikuwa na kivuli, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu akazimeza miezi sita bila kukosa siku. Sina ugomvi na uamuzi huo, kwa sababu najua kwamba kifua kikuu kinaweza kuwapo bila kuonekana kwenye makohozi na kwamba kukiacha ni hatari kuliko kukitibu. Ugomvi wangu unaanza siku alipomaliza dozi. Alipewa hongera, jina lake likafungwa daftarini, akaondoka akiwa bado anakohoa na bado anasimama mara mbili njiani kabla ya kufika kisimani. Hakuna aliyejiuliza kama dawa imemaliza kazi na kikohozi kimebaki, basi kikohozi hicho ni cha nini. Miaka iliyofuata aliitwa mgonjwa wa pumu, kisha mgonjwa wa moyo, kisha akaambiwa ni uzee.

Jibu tulilipata katika hospitali moja iliyo mbali na kwetu, tulikokwenda kwa sababu nyingine kabisa. Daktari kijana alimpa mama mrija uliounganishwa na mashine ndogo isiyozidi ukubwa wa redio ya mkononi, akamwambia avute pumzi mpaka kifua kijae, halafu aipulize yote kwa nguvu na kwa haraka bila kukata. Mama alirudia mara tatu, akavutishwa dawa ya kufungua njia za hewa, tukasubiri kama robo saa, akapuliza tena. Kipimo hicho kinaitwa spairometri. Mtu akipuliza hivyo, hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza hulinganishwa na hewa yote aliyoitoa. Ikiwa hata baada ya dawa haifiki asilimia 70 ya ile yote, njia zake za hewa zimebanwa kwa namna ya kudumu. Ya mama ilikuwa chini ya nusu. Shughuli nzima haikuchukua saa moja, haikuhitaji damu wala sindano, na ilijibu swali lililokuwa limetuzungusha kwa zaidi ya miaka kumi.

Kuanzia hapo nilijifunza mambo ambayo naamini kila familia yenye mgonjwa wa namna hii ingepaswa kufundishwa siku ya kwanza, na ambayo hakuna anayeweza kuyafundisha vizuri katika chumba cha dharura. La kwanza ni dawa yenyewe. Mama alikuwa akimeza vidonge vya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, vilivyokuwa vikimtetemesha mikono na kumwendesha moyo mbio. Salbutamoli hiyohiyo ikivutwa kwa inhela, yaani kikopo cha kubonyeza kinachotoa dawa ya kuvuta kwa mdomo, huingia moja kwa moja mahali inapohitajika na kufanya kazi ndani ya dakika chache, na midonyo miwili, yaani kubonyeza mara mbili, ya inhela ya kawaida ina mikrogramu 200 tu, wakati kidonge kimoja cha miligramu 4 kina mara ishirini ya hiyo. Inhela alikuwa amewahi kupewa, lakini aliirudisha kabatini akisema haimsaidii. Nilipomwomba anionyeshe alivyokuwa akiitumia, aliibonyeza kwanza, akaona wingu linatoka, ndipo akavuta hewa, na dawa yote ikawa imeishia kwenye ulimi. Kumbe alipopewa hakuna aliyemtazama akiitumia. Alikuwa ameelekezwa kwa maneno dirishani, huku foleni ikimsukuma mgongoni.

Muuguzi mmoja mstaafu, jirani yetu, ndiye aliyetufundisha. Alichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akapasha moto waya, akachora tundu katika kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, akalikata taratibu ili inhela iingie kwa kukaza, akaziba pembeni kwa plasta. Mama huitikisa inhela, hutoa pumzi, huweka midomo kwenye shingo ya chupa, hubonyeza mara moja, huvuta polepole, kisha hushikilia pumzi huku mimi nikihesabu hadi kumi. Dawa hutulia kwanza ndani ya chupa, hivyo si lazima mkono na pumzi viende sambamba, jambo ambalo kwa mzee mwenye vidole vigumu ni gumu kuliko tunavyofikiri. Chupa za namna hii zimejaribiwa kwa watoto wenye pumu na kuonekana zinafanya kazi karibu sawa na vifaa vya dukani. Ilituchukua jioni mbili kuizoea, na mwezi huo mama alikwenda kisimani bila kusimama njiani.

La pili ni oksijeni, na hili naliandika kwa uangalifu kwa sababu waliokosea walikosea kwa nia njema. Usiku mmoja wa kiangazi mama alibanwa sana, tukamkimbiza hospitali, na mhudumu aliyekuwa zamu akamwekea oksijeni akaifungulia hadi mwisho, akiamini kwamba kwa mtu asiyeweza kupumua, hewa nyingi ndiyo huruma kubwa. Kipimo cha kidoleni kinachoonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu kilipanda hadi asilimia 99, sote tukashusha pumzi. Baada ya muda mama akaanza kusinzia, akawa haitikii vizuri, na kama daktari wa zamu asingepita na kuipunguza, sijui kama ningekuwa naandika barua hii. Wagonjwa wa aina hii oksijeni hupimwa; lengo linalotambulika ni kipimo cha kidoleni kukaa kati ya asilimia 88 na 92, kwa sababu ikizidi, hewa chafu ya kaboni inaweza kurundikana kwenye damu na kumlevya mgonjwa. Laiti mama angekuwa na kadi yenye mstari mmoja tu unaosema hivyo, mhudumu yule angejua la kufanya. Tangu hapo nimeuandika mstari huo kwa kalamu nyekundu nyuma ya kadi yake ya bima, na sidhani kama kazi hiyo ilipaswa kuwa ya karani wa tumbaku.

Narudi kwenye hoja yangu ya kliniki. Najua jibu la kwanza litakuwa kwamba wahudumu ni wachache na bajeti ni finyu, na sikatai. Lakini nchi hii ina historia yake katika jambo hilihili la mapafu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanza mwaka 1977, hapa Tanzania ndipo Dakta Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, na wataalamu wetu walipojenga utaratibu wa kumwandikisha kila mgonjwa katika daftari la wilaya, kumfuatilia hadi amalize dawa, na kila robo mwaka kuhesabu wangapi wamepona, wangapi wamefariki na wangapi wamepotea. Utaratibu huo ndio uliokuja kupokelewa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 na kuenezwa duniani kote. Sisi ndio tulioonyesha kwamba daftari, tarehe ya kurudi na mhudumu anayeuliza aliyekosekana yuko wapi vinaweza kuokoa maisha hata pale ambapo hakuna mashine za gharama. Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya bado anazunguka na pikipiki yake na daftari lake. Yule mtu ambaye makohozi yake hayana vijidudu lakini anaendelea kukohoa, na yule aliyemaliza dawa akabaki na mapafu yenye makovu, wote wamekwishapita mbele yake; kinachokosekana ni ukurasa wa kuwaandika na mahali pa kuwapeleka.

Mahali hapo si lazima pawe jengo jipya. Asubuhi moja kila baada ya wiki mbili, katika chumba kilekile cha kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, yatosha kwa kuanzia. Hospitali ya wilaya iwe na mashine moja ya spairometri na watumishi wawili waliofundishwa kuitumia kwa usahihi, kwa kuwa mgonjwa akipuliza vibaya jibu huwa la uongo. Kwa sasa mtu wa kwetu anayetafuta kipimo hiki anafikiria safari ya karibu kilomita 90 kwenda Tabora mjini kabla hata hajajua kama atakipata. Kila anayehudhuria aombwe atoe inhela yake mfukoni aitumie mbele ya muuguzi, kila mara na si siku ya kwanza tu, kwa sababu makosa hurudi. Aondoke na karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili inayomweleza afanye nini makohozi yakibadilika rangi, aongeze dawa gani kifua kikianza kubana, na wakati gani asisubiri kukuche. Na anayelazwa kwa kubanwa apewe tarehe ya kuonwa tena ndani ya wiki chache, maana hicho ndicho kipindi ambacho wengi hurudi wodini.

Zipo huduma nyingine zisizo na gharama kubwa ambazo kwetu hazijulikani kabisa. Mazoezi ya kutembea yanayosimamiwa, mara mbili au tatu kwa wiki kwa muda wa wiki sita hadi nane, humwongezea mgonjwa nguvu na kumpunguzia kuhema, hata kama mapafu yenyewe hayabadiliki. Sisi tunafanya kinyume. Mtu akianza kuhema tunamwambia apumzike, watoto wanamchotea maji, wakwe wanamfulia, na miguu yake inadhoofu mpaka kuvuka uwanja kunakuwa safari. Mama alifundishwa kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai, na mbinu hiyo peke yake imemwondolea hofu iliyokuwa ikimkamata kila apandapo ngazi za zahanati. Kwa wanaovuta sigara, kuacha ndiko dawa kubwa kuliko zote, kwa umri wowote, na kliniki ndiyo mahali pa kuwasaidia kuacha badala ya kuwagombeza.

Kuhusu dawa, nina ombi kwa wanaopanga maoteo ya vituo, yaani makadirio ya dawa zitakazohitajika. Bohari ya Dawa ina kanda yake hapahapa Tabora, kwa hiyo umbali si kisingizio kikubwa. Salbutamoli ya kuvuta, na zile za kuzuia kama budesonidi iliyochanganywa na formoteroli, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini mara nyingi tumefika dirisha la wazee, tukahudumiwa kwa heshima na kuonwa bila malipo, halafu tukaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dawa nje. Katika duka la dawa muhimu tunakuta vidonge, kwa kuwa ndivyo vinavyonunuliwa. Inhela moja ina midonyo 200. Anayetumia miwili mara nne kwa siku humaliza siku ya 25, na asipohesabu hugundua imeisha usiku wa manane, kwa sababu kopo huendelea kutoa upepo hata dawa ikiwa imekwisha. Naomba utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 uhakikishe kwamba dawa hizi zinapatikana hadi ngazi ya kituo cha afya na hazibaki kuwa za hospitali za rufaa peke yake, kwa kuwa mtu aliyebanwa na kifua hawezi kuzifuata huko.

Na moshi wenyewe? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wa kipindi hicho, na ninauunga mkono kwa moyo wote. Kaya yenye mgonjwa wa mapafu ingestahili kuwa ya kwanza kupewa mtungi na jiko la ruzuku, na kliniki ninayoiomba ndiyo ingejua kaya hizo ni zipi. Vyama vya msingi navyo, kikiwamo cha kwangu, vinaweza kuhimiza mabani yanayotumia kuni kidogo na yenye bomba linalotoa moshi mbali na anayechochea. Hilo nitalisema mwenyewe katika mkutano mkuu ujao wa wanachama. Lakini jiko la gesi la leo linamkinga binti yangu. Mama yangu amekwishauvuta wake, na yeye anahitaji kliniki.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika, nimemfungulia mama daftari. Kila jioni naandika tarehe, idadi ya midonyo aliyovuta, rangi ya makohozi, kama aliamka usiku, na umbali aliotembea, kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, au hadi kisimani, au hadi kanisani. Muuguzi au daktari yeyote wa wilaya hii atakayelitaka nitampelekea alisome. Safu ya mwisho nimeichora lakini haijaandikwa kitu tangu nianze, na kichwa chake ni "tarehe ya kurudi kliniki".

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku,
Urambo, Tabora